Kesi ya Gia Namba Mbili

Fundi Yosefu alijipaka chaki kwenye goti la kulia, akaketi kiti cha abiria cha mbele ndani ya teksi ya Nasiri.

"Haya," akasema, "tia namba mbili."

Nasiri akavuta. Chuma cha gia kilikuwa kirefu kama mwiko wa ugali wa shule, tena kimelegea. Kikaenda, kikaenda, mpaka vidole vya Nasiri vikagota kwenye goti la fundi. Alipoinua mkono, ulikuwa mweupe.

"Mmeona wenyewe?" Nasiri alipiga kelele, nusura alie. "Si mimi, jamani! Ni gia!"

Waliokuwa wanaonyeshwa ni wawili tu: mkewe Salha, aliyesimama kando amekunja uso, na Mzee Halfan, mshenga wa ndoa yao. Nyumbani, sanduku la Salha lilikuwa limeshafungwa kamba, linangoja basi la kwenda kwao Kondoa.

Mashtaka yalikuwa haya. Abiria watatu, wote wanawake, wote wiki moja, walisema ukikaa mbele kwenye teksi ya Nasiri kutoka Makambako kwenda Njombe, kila kilima goti lako lina mgeni. Wa mwisho alikuwa Cresensia, muuza viazi, mwanamke asiyemung'unya maneno. Huyo alimfuata Salha sokoni akamwambia mbele ya watu.

"Cresensia anasema gari lilikuwa limesimama, mnangoja ng'ombe wavuke," Salha alisema.

"Nilikuwa najiandaa kuondoka!"

"Na mbona wanaume hawalalamiki?"

"Wanaume wanavaa suruali nzito, mke wangu. Baridi ya huku si unaijua? Hawasikii kitu."

Mzee Halfan akakohoa. Mshenga kazi yake haiishi siku ya harusi. Ndoa ikiingia mchanga anaitwa yeye, na watu wanamuuliza, "Mzee, ulituletea mtu gani?" Mwezi ule alikuwa na posa nyingine mbili za kupeleka, na hakutaka jina lake linuke.

"Fundi, dawa yake nini?"

"Tunakikata hiki chuma, tunakichomelea kiwe kifupi," Yosefu alisema. "Na hizi bushi zinazokishika huku chini zimekwisha, zimekuwa mkate uliolowa. Nitachonga nyingine kwa mpira wa tairi la lori. Gia itaingia kwa kidole kimoja, na goti litabaki na amani yake."

"Huwezi kununua mpya dukani?"

"Mzee wangu, siku hizi za ruksa kila kitu kinatoka Dubai, isipokuwa kile unachokitafuta."

Akaingia uvunguni. Alikata chuma shibiri nzima, akachomelea. Bushi ya kwanza ilikubali. Ya pili ikagoma. Akaipaka sabuni, ikagoma. Akaipiga nyundo, ikaruka ikampata Mzee Halfan kwenye kofia. Mwishowe akaitukana kwa Kibena, ikaingia.

Adhuhuri gia ilikuwa fupi kuliko kikombe cha chai. Nasiri akaijaribu: tak, tak, tak. Haikuyumba hata kidogo. Alicheka peke yake kama mtu aliyetolewa rumande.

"Maneno ya fundi tumeyasikia," Mzee Halfan alisema. "Sasa goti ndilo litakalosema. Nitakaa mbele mimi mwenyewe mpaka Njombe. Nikifika salama, Salha, utafungua sanduku na kumwomba mumeo radhi. Nisipofika salama, sanduku hilo nitalibeba mimi mpaka kituoni."

"Nimekubali," Salha alisema. Akapanda kiti cha nyuma, akaingiza kichwa katikati ya viti viwili. Barabara hakuitazama. Alitazama goti.

Kilima cha kwanza: tak. Goti salama. Mzee Halfan akavuta pumzi.

Karibu na Mtwango lori la mbao liliwazuia, ikabidi Nasiri arudi namba mbili, apande namba tatu, arudi tena namba mbili. Tak, tak, tak. Kanzu ya mzee haikuguswa hata pindo lake. Salha akaanza kulegea. Alitazama zile nywele za kisogoni mwa mumewe, zilizoanza mvi mapema, akaona aibu. Mwanaume wa watu ameonewa kwa sababu ya kipande cha chuma!

Akamenya chungwa, akampitishia begani.

"Nisamehe, Baba Maua," alisema kwa sauti ndogo. "Watu walinijaza maneno."

"Yamekwisha, mke wangu," Nasiri alijibu, na machozi yakamlenga. "Nilijua Mungu atanitetea."

"Alhamdulillahi," Mzee Halfan alisema. Akaegemea kiti, akafumba macho, akaanza kuziwaza zile posa zake mbili.

Salha naye akarudi nyuma, akafungua dirisha. Hewa ya Njombe ikaingia, baridi na safi. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuna aliyekuwa analitazama goti. Nasiri, chungwa mdomoni, moyo mweupe, akaanza kuimba chini chini. Mjimwema, mtaa wa Njombe, ndiyo hiyo inaonekana, na mbele yake kilima cha mwisho.

Akashusha namba mbili. Gia iliingia mara moja, tak, fupi na ngumu kama fundi alivyoahidi. Mkono ukaiacha pale pale, wenyewe ukaendelea na safari, ukafika kwenye goti la Mzee Halfan, ukalibinya taratibu.

"Na wewe mrembo," Nasiri akauliza, macho barabarani, "unashukia wapi?"