Jibu la Siku ya Saba

Siku hizo mashine ya kuchoma bawasiri kwa leza ilipanga nguvu zake kwa kufuata jibu la mgonjwa aliyetangulia. Akisema amepona, anayefuata huchomwa vivyo hivyo. Siku ya saba baada ya kumchoma, mashine ikampigia simu Bi Mwatime, naye alikuwa sebuleni na mkwewe, mume wa binti yake.

"Mama, ukienda haja bado unaumia?"

Sauti ilijaa chumba kizima. Mkwe akainamia kikombe chake. Bi Mwatime, aliyekuwa amekalia upande mmoja kwa kuungua, akajibu upesi, "Nimepona, alhamdulillahi."

Aliyefuata alikuwa wifi yake, Mwanashehe.

Kila aliposali Bi Mwatime aliomba toba, lakini alijua haki ya mja Mungu haisamehi mpaka mja mwenyewe asamehe. Wifi alipotimiza siku nane tangu achomwe, akampelekea uji, akamkuta amelala kifudifudi.

"Wifi, nisamehe. Uchungu huo nimekutia mimi. Niliidanganya mashine kwa kumwonea haya mkwe."

Mwanashehe akacheka, kisha akaguna, maana hata kicheko kilimuuma. "Kumbe ndiwe uliyenikaanga! Nimekusamehe, wifi yangu, duniani na akhera."

Bi Mwatime akashusha pumzi. "Nawe jana uliijibu nini?"

"Shemeji zako walikuwa wamejaa humu, wamekuja kunijulia hali. Ningesema nini mbele yao? Nilisema nimepona."

"Anayefuata ni nani, tukamwombe radhi?"

Mwanashehe akageuzia uso ukutani. "Sikuuliza."