Mkalimani wa Jumanne

Hadi kufika saa ya chai, mkalimani alikuwa ameshapata mimba, ameng'olewa jino na ameapa mbele ya daktari kwamba pombe ameiacha. Ndiyo kazi ya hospitali ile. Mgonjwa akisema "mimi", naye anasema "mimi" kwa lugha ya wenyeji, haongezi neno wala hapunguzi. Kutwa nzima alisema habari za matumbo ya watu, na lake hakuna aliyeliulizia.

Alikuja nchi hiyo kusoma, akamaliza, akabaki. Mwanzoni alihangaika kutafuta watu. Alijiunga na kwaya. Alikwenda kwenye chama cha watu wa kwao, akakuta wamegawanyika makundi mawili yasiyosalimiana. Alimpelekea jirani wa juu keki. Jirani akashukuru, akarudisha sahani imeoshwa vizuri, akafunga mlango. Siku hizi hakuhangaika tena. Hata huzuni hakuwa nayo. Alikula, akalala, akaamka, akaenda kuumwa magonjwa ya wengine.

Jumanne tu ndiyo ilikuwa na ladha, kwa sababu ya Bibi.

Bibi alikuwa mfupi, mkoba wake mkubwa kuliko yeye, na alikuja kutibiwa uvimbe wa tumbo. Aliishi nchi hiyo miaka mingi, mumewe alizikwa huko, lakini lugha, alisema, ilimpiga chenga.

"Kichwa changu jiwe, mke mwenzangu," alimwambia mkalimani siku ya kwanza. "Nilijaribu, nikaona bora nimfundishe mbuzi kusuka."

Mke mwenzangu! Tangu bibi yake mzaa mama afariki, hakuna aliyemtania hivyo. Mkalimani alicheka, akaishangaa sauti yake mwenyewe.

Bibi alizoea kufika mapema mno, peke yake, kwa basi. Walikaa pamoja kwenye benchi la korido.

"Umekula?"

"Nimekula, Bibi."

"Mwongo. Mashavu yamebonyea hivyo, umekula nini, upepo?" Bibi alichimba mkobani, akatoa yai la kuchemsha. Mkalimani haruhusiwi kupokea kitu cha mgonjwa. Alipokea.

"Rafiki umeshapata huko unakokaa?"

"Watu wa hapa wazuri tu, Bibi."

"Sikukuuliza uzuri wao. Kwetu mgeni siku ya tatu anapewa jembe. Hawa hata jembe hawakupi. Wanakupa tabasamu, unakwenda kulilia chumbani."

Mkalimani alimhurumia sana. Kizee peke yake katika nchi ya watu, hana hata wa kumuuliza njia! Angefanyaje bila mkalimani? Habari za watoto hakumuuliza, asije akatonesha kidonda.

Chumbani kwake, daktari alikuwa na mizaha mikavu, na mara nyingine Bibi alicheka kabla haijatafsiriwa. "Nacheka ule uso," alimweleza mkalimani. "Uso kama ule si wa kuachwa hivihivi."

Jumanne hii daktari hakutania. Alivuta kiti karibu, akamtazama Bibi, akasema taratibu kwamba dawa zimeshindwa. Uvimbe umeenea. Hakuna haja ya kuendelea kumsumbua kwa safari za hospitali. Apumzike nyumbani, muuguzi atamfuata hukohuko. Imebaki miezi michache. Kisha akamsubiri mkalimani.

Maneno yote mkalimani aliyajua. Aliyatafsiri mara nyingi kwa watu wengine, akatoka, akanywa chai. Safari hii alihisi hofu, na kilichomtia aibu ni kwamba haikuwa hofu ya Bibi kufa. Aliogopa Jumanne ijayo, na benchi tupu.

"Anasemaje?" Bibi aliuliza.

"Anasema..." Mkalimani aliutazama mkoba wa Bibi. "Anasema dawa zinafanya kazi vizuri, Bibi. Uvimbe umepungua. Ila usiache kuja. Uje kila Jumanne."

Bibi alimkazia macho. "Kila Jumanne?"

"Ndiyo, Bibi. Usikose hata moja."

"Haya. Mwambie nimesikia."

Mkalimani akamgeukia daktari. Aliificha mikono chini ya meza. Akasema kwa lugha ya wenyeji, kwa sauti ya kazi, kama alivyosema maneno ya wagonjwa wote:

"Nimeelewa, daktari. Lakini naomba niendelee kuja. Kukaa nyumbani siwezi. Sina mtu."

Daktari alikunja uso. Alisema anasikitika, ila safari hizo zingemchosha mgonjwa bure, na kalamu yake ilikuwa tayari juu ya karatasi ya kufunga matibabu.

Bibi akaweka mkoba sakafuni. Akamshika mkalimani mkono kule chini ya meza alikouficha, kisha akamgeukia daktari na kuzungumza naye kwa lugha ileile ya wenyeji, bila kukwama, kwa lafudhi ya mtu aliyebishana kwa lugha hiyo sokoni nusu ya umri wake.

"Mimi kwangu watoto na wajukuu wamejaa hadi pa kulala hapatoshi, daktari. Asiye na mtu ni huyu. Hiyo miezi michache uliyosema, niandikie Jumanne zake zote."