Pimbi wa Jiwe Kuu

Wewe unayecheka vijiji vidogo, hebu kaa hapa usikie. Pimbi wa Jiwe Kuu walikuwa wachache, hata kivuli cha mchongoma mmoja kiliwatosha. Lakini wakila, mmoja wao hukaa zamu kileleni. Nguchiro, mwenye ukoo mkubwa na mdomo mkubwa zaidi, akalitaka jiwe lile. Kunguru akaitwa aamue: walio wengi wabaki, wachache wahame.

"Hesabu upesi, Mzee Kunguru," Nguchiro akatamba. "Hawa hata wakicheza ngoma, uwanja unabaki mtupu!"

Kabla Kunguru hajaanza, pimbi wa zamu akapiga mluzi. Tai! Pimbi wakaingia kwenye nyufa za jiwe. Nguchiro na ukoo wake nao wakajipenyeza humo humo.

"Bibi, sogea kidogo," Nguchiro akanong'ona.

"Karibu, mjukuu wangu," akajibu Bibi Pimbi. "Hata mimi niliingia hapa nikifukuzwa na tai. Kijiji chote kilianza hivyo. Haya Kunguru, hesabu sasa: aliyekimbilia kwetu ni wetu."

Kunguru akakosa wa kumhamisha. Tai alipopita, Nguchiro akapanda kileleni kimya kimya.

"Bibi," akaita, "huo mluzi unapigwaje?"