Msumari Namba Saba

Msumari namba saba ulikuwa mtupu.

Vibati vingine kumi na vinne vya namba vilikuwa vimesharudi ubaoni, kila kimoja kwenye msumari wake, vikigongana kwa upepo wa mlango wa kibanda cha zana. Kinyozi alivihesabu mara mbili kwa macho, kisha akarudia kwa kidole. Kumi na vinne.

Kanuni ya klabu alikuwa ameelezwa asubuhi ileile, siku yake ya kwanza ya kujitolea. Unapokwenda kufyeka njia ya mlimani unachukua kibati chako, ukirudi unakitundika, na hakuna anayevua buti mpaka ubao ujae. Alikuwa amechelewa kufika. Wenzake walishatangulia na misumari yote ilikuwa mitupu isipokuwa wake, namba kumi na tano. Mwenyekiti, aliyebaki kumsubiri, akampa kazi ambayo alisema hata mgeni anaiweza: awe mkia. Atembee nyuma ya wote, azibue mifereji ya maji, na asiache mtu nyuma yake.

Kazi ni hiyo tu. Na aliifanya kwa raha zake, akifurahi kwamba kitambi chake, ambacho ndicho kilimfanya mkewe amsukumie huku, leo kimepata wa kukitia adabu. Mara moja tu aliingia kichakani kujisaidia. Dakika tano, hazikuzidi. Sasa hakuwa na hakika nazo.

"Mke wangu hajarudi," alisema Mwenyekiti, akiutazama msumari. Alikuwa fundi bati mstaafu, na vile vibati alivikata mwenyewe. Hakupaza sauti. Alichukua fimbo yake na kibati chake akatoka, na watu wakachukua vyao wakamfuata.

Kilichomkera Kinyozi ni kwamba hakuna aliyekimbia. Mama mshonaji alimalizia kwanza chai yake. Dereva wa lori alishika upande wa korongo bila kuambiwa, na mapacha wenye duka la vifaa wakashika upande wa misonobari, kama watu wanaokwenda kukaa kwenye viti vyao vya kila siku. Binti wa Mwenyekiti, muuguzi, alifungua kabati akatoa sweta ya mama yake, imekunjwa vizuri na inanuka dawa ya nondo, akaitia kwenye begi. Jamani, mama yako yuko porini, nawe unatembea kama unakwenda sokoni! Kinyozi alitaka kumwambia hivyo, akakosa uso wa kusemea. Si yeye ndiye aliyekuwa mkia?

Akakimbia yeye. Alipanda akiita "Mama! Mama!" kwa sababu jina hakulijua, na aliona aibu kuliuliza. Aliteleza, suruali ikachanika gotini. Kila alipoacha njia kuu na kuingia msituni alikuta kijia kimeshakanyagwa, kinapita chini ya magogo, kinazunguka kila jiwe kubwa, kinachungulia kila shimo. Vijia hivyo havikuwa na alama ya rangi wala havikwenda popote. Alivifuata vyote alivyoviweza, na vyote viliishia ukingoni mwa jabali, kwenye ukungu.

Karibu naye muuguzi aliita mara tatu, akanyamaza, akasogea hatua kadhaa, akaita tena mara tatu. Kinyozi alimsihi wapige simu, waombe mbwa, waombe helikopta, waombe chochote kile.

"Polisi wanajua, kaka," alijibu, kwa upole uliomzidishia uchungu.

Mvua ikaanza. Saa kumi na mbili Mwenyekiti alipuliza filimbi, na watu wakashuka mmoja mmoja, wameloa chapachapa, mikono mitupu. Walivirudisha vibati vyao, wakakaa kwenye benchi, wakaanza kufungua kamba za buti.

Kinyozi hakuamini macho yake. Mama wa watu yuko kwenye mvua, ubao haujajaa, nao wanavua buti! Dereva wa lori alimpigapiga begani, akasema basi, Jumamosi ijayo Mungu akipenda, akaenda zake. Jumamosi? Kinyozi alitaka kupiga kelele. Alijiona hana maana hata kidogo: hakuweza kumpata, hakuweza kuwazuia watu hawa, na hakuweza kurudi nyumbani akala chakula kama kawaida.

Akakichukua tena kibati chake ubaoni. Atarudi peke yake. Kwenye safu ya juu, misumari ilikuwa inang'aa kwa kusuguliwa na bati, isipokuwa ule namba saba, uliokuwa na kutu, na nyigu walikuwa wameujengea kijumba cha udongo. Hakuwa na nafasi ya kufikiria nyigu.

Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni na sweta ya mkewe mikononi, anaikunja upya, mkono juu ya mkono. Kinyozi alimwendea.

"Mzee, nisamehe. Ni mimi. Niliingia kichakani dakika tano, na nadhani ndipo aliponipita. Nilikuwa mkia, na nimemwacha mama nyuma."

Mzee akakitoa kibati mkononi mwake, taratibu, akakitundika kwenye msumari wa kumi na tano.

"Siyo wewe, mwanangu," alisema. "Hii ni miaka mitatu sasa tangu apotee. Na siku ile mkia nilikuwa mimi."