Panzi na Nanaa Iliyojikunja

Panzi wa tuta la nanaa alijaliwa meno, ila majigambo yake yaliyashinda meno. Kila asubuhi aliwatangazia majirani, "Nikiamua, tuta hili nalimaliza kabla umande haujakauka!" Basi nanaa ilipoanza kudhoofu, wewe ungemdhania nani? Sisimizi alimburuta Panzi hadi kando ya tuta, kwa Kuku, hakimu ambaye humdonoa mwenye hatia palepale.

"Bi Kuku, si mwenyewe alitamba? Mmeze tukapumzike," alisema Sisimizi, akijilamba midomo.

Kuku akanyoosha shingo. "Panzi, una neno?"

 Panzi alitaka kulia aombe radhi, lakini macho yake yalipoangukia yale majani ya nanaa, woga wote ukageuka hasira.

"Hii ndiyo kazi mnayonibandika mimi? Mimi nikila naanzia ukingoni, jani linabaki mapengo kama kinywa cha ajuza! Haya yamejikunja tu, hayana hata pengo, tena yananata. Aliyefanya hivi hana meno, ananyonya. Mnanitia aibu, jamani!"

Kuku akaligeuza jani kwa mdomo. Chini yake vidukari walijazana wakifyonza utomvu na kutoa majimaji matamu, na ndugu zake Sisimizi wakiwalinda huku wakiyalamba.

Kuku alipogeuka kumuuliza Sisimizi, Sisimizi alishazama shimoni.

Panzi akashusha pumzi. "Sasa Bi Kuku, ngoja nikuonyeshe fundi anavyotafuna..."

Kuku akanyoosha tena shingo.

Panzi akafumba mdomo, na majirani wanaapa hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza.