Inveta Ndogo

Euphrasia aling'oa inveta, kifaa cha umeme kilichokuwa kikirekebisha spidi ya mota ya mashine yake ya kukereza vyuma, akaifunga kwenye pampu ya duara, shimo la kuchimbia dhahabu, nyuma ya nyumba. Maji yalikuwa yanajaa, na humo chini gogo lilikuwa limembana mumewe mguu, wenzake wakilikata.

Siku aliyoinunua, dukani walimsihi achukue inveta kubwa. "Ya nini? Mimi nakereza boliti tu," aliwajibu.

Sasa kila akiongeza spidi, inveta ilijizima. Akipunguza, maji hayakufika juu.

"Mama Ngusa, yamefika kifuani!" mumewe alilia.

Akaondoa ulinzi unaoizima inveta ikizidiwa, akapandisha spidi hadi mwisho. Pampu ikatapika maji.

"Gogo limekatika?"

"Bado!"

Akabandika kiganja juu ya inveta. Plastiki ya kasha lake ilikuwa imeanza kulainika kwa joto.