Wimbo wa Kukunia Nazi

Chuoni kwetu, anayetaka kufundisha kusikiliza muziki hutoa wimbo wake mmoja. Wanafunzi huupata masikioni mwao. Yeye hausikii tena, wala haukumbuki. Mimi nilitoa ule ambao mama huimba akikuna nazi. Niliuona wimbo mdogo tu, wa jikoni.

Jioni nilimkuta mama amekalia mbuzi, anakuna. Midomo ilicheza. Nilisikia nazi ikikwaruzwa na sufuria ikichemka. Sauti yake sikuisikia.

"Mishi, mbona huitikii?" aliuliza. Hilo nililisikia vizuri.

Akaanza tena. Nikaitazama midomo yake, nikaitikia kwa kukisia.

Mama akaacha kukuna. "Mwanangu, huo ni wimbo gani?"